Ukitaka Kuuza Bima Mabanga, Anza na Yasiyolipwa

Kijana aliyemaliza chuo cha ISC au ISIG hapa Goma anarudi Mabanga na diploma yake, anaifunga kwenye plastiki isilowe, halafu anaanza kusubiri. Zamani alisubiri tangazo la shirika la misaada. Tangu Marekani ilipoivunja USAID mwaka 2025, matangazo hayo yamepungua, na wengi waliokuwa na kazi huko nao wamerudi mtaani kutafuta. Kuuza bima ni moja ya kazi chache zilizobaki ambazo hazidai mtaji wa bidhaa wala kibanda sokoni Virunga. Inadai miguu, simu na jina zuri. Miguu unayo, simu utaipata, ila jina ndilo ninalotaka tulizungumzie kwa kirefu.

Ushauri wa kazi hii unaopatikana kwa urahisi umeandikwa kwa ajili ya Nairobi, Johannesburg au Paris: vaa vizuri, andika orodha ya ndugu na marafiki mia moja, wapigie wote simu, usikubali mtu akatae. Ukiufuata hivyo hivyo hapa utapata mikataba mwezi wa kwanza na maadui kabla ya mwisho wa mwaka. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini ni mitaa ya watu wanaojuana. Uliyemuuzia karatasi Januari utakutana naye kwenye bomba la maji Februari, kanisani Machi, na kwenye kilio cha jirani Aprili. Muuzaji wa mji mkubwa anaweza kubadilisha mtaa. Wewe utahamia wapi?

Kwanza ujue unarithi nini. Mwaka 1966 serikali ya Kinshasa iliunda SONAS na kuipa peke yake haki ya kuuza bima nchi nzima. Hali hiyo ilidumu karibu miaka 50, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua soko kwa kampuni binafsi. Mamlaka ya kusimamia soko hilo, ARCA, iliundwa baadaye, na leseni za kwanza za kampuni binafsi zilitoka mwaka 2019. Hapo ndipo majina kama Activa, Rawsur na SFA yalipoanza kusikika. Kwa hiyo mtu mzima wa Mabanga ameishi karibu maisha yake yote akiijua asiransi kama kikaratasi cha kwenye kioo cha gari, kinachonunuliwa ili kumwonyesha polisi wa roulage. Ukimuuliza kama amewahi kumwona mtu aliyelipwa, wengi watacheka. Hawakuchukii. Wanakumbuka tu, na wana haki ya kukumbuka. Usipoteze muda kuwabishia.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Utakapoketi na mama mwenye duka, ukamweleza bei na faida, atakusikiliza hadi mwisho kisha atauliza: «Sasa, volkano ikirudi mutanilipa? Na vita je?»

Goma nzima imo ndani ya swali hilo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji na kuingia ziwani, ikiacha makumi ya maelfu ya watu bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, na siku chache baadaye wakazi waliamriwa kuhama. Watu wakatembea kuelekea Sake, Rutshuru na Gisenyi, na godoro kichwani. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji, na maduka mengi yakaporwa siku hizo. Kwa mtu wa hapa, hayo ndiyo majanga. Na mikataba mingi ya kawaida ya bima ya moto, hapa na kwingineko, huviacha nje vitu hivyo hivyo: vita, ghasia, tetemeko la ardhi, mlipuko wa volkano. Baadhi ya kampuni hukubali kuongeza kimojawapo kwa bei ya pekee. Nyingine hukataa kabisa.

Muuzaji asiye na uzoefu hulikwepa swali hilo. Husema «tutaona», au «kampuni yetu ni kubwa, musiogope», au hugeuza mazungumzo. Anapata sahihi, anapata komisyo, na anapanda mbegu ya aibu itakayoota siku ya msiba. Ninakushauri ufanye kinyume. Kabla hujamwambia mteja bima inalipa nini, fungua ukurasa wa yasiyolipwa umsomee. Mkataba umeandikwa Kifaransa kizito cha wanasheria. Mteja wako anafikiri kwa Kiswahili. Basi kaa chini, wiki ya kwanza kabla hujamwona mteja yeyote, uandike kwa mkono wako ukurasa mmoja wa Kiswahili cha hapa: hiki kinalipwa, hiki hakilipwi, hiki kinalipwa ukiongeza pesa, na mteja anapaswa kufanya nini siku ya ajali. Mpelekee mkuu wako ofisini athibitishe kwamba hujakosea. Ukurasa huo utakufaa kuliko suti.

Mbele ya mama yule, jibu litakuwa fupi. Unaweza kusema: «Mama, karatasi hii inalipa moto wa umeme, wa jiko, na moto unaotoka kwa jirani. Volkano na vita havimo. Kama kampuni inakubali kuongeza volkano, nitauliza bei na nitakuletea jibu lililoandikwa.» Wengine watakufunga mlango hapo hapo. Waache. Watakaobaki watakuwa wamenunua kitu wanachokijua, na wakisimulia kwa wengine watasimulia sawasawa. Mabanga haina tangazo lenye nguvu kuliko mama wa duka anayesema: huyu mutoto aliniambia ukweli kabla sijatoa pesa.

Kuna jambo jingine la kuuliza ofisini mapema: nyumba za mbao. Sehemu kubwa ya nyumba za mtaa wetu ni za mbao na bati, zimebanana, umeme umevutwa kwa nyaya za kuungwaungwa, na chakula kinapikwa kwa makaa. Kampuni inaziona nyumba hizo kuwa hatari. Huenda ikazikataa, au ikazitoza zaidi, au ikadai duka liwe na kizimamoto. Usianze kugonga milango kabla hujajua jibu. Nimeona vijana wakijaza fomu za mtaa mzima, halafu zote zikarudishwa kwa sababu hiyo moja.

Uanze na bidhaa gani? Sheria ya 2015 inalazimisha bima kadhaa: ya vyombo vya moto vya barabarani kwa madhara yanayowapata watu wengine, ya ujenzi, ya moto kwa baadhi ya majengo, na ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Chombo cha barabarani ndicho mlango wa kwanza, kwa sababu mteja hahitaji kushawishiwa kwamba anatakiwa kuwa na bima hiyo. Lakini ndiyo pia inayodharauliwa zaidi. Motari, yule dereva wa pikipiki wa rond-point, anataka karatasi ya bei ya chini kuliko zote ili apite, basi. Kazi yako ni kumwambia jambo ambalo mara nyingi hakuna aliyemwambia: bima hiyo ya lazima haimlipi yeye wala haimtengenezei pikipiki. Inamlipa mama aliyegongwa akivuka barabara. Inamlinda motari dhidi ya familia ya yule mama, ambayo bila hiyo itakuja nyumbani kwake kudai, na pikipiki itauzwa. Ukitaka motari alipwe mguu wake ukivunjika, hiyo ni bima nyingine, ya ajali ya mtu binafsi, na ina bei yake. Motari akishaelewa tofauti hiyo, ataacha kuilinganisha na bei ya soda.

Usiwafuate motari mmoja mmoja. Wana vyama vyao, vina viongozi, vina siku za mikutano. Omba dakika kumi kwa mwenyekiti, nenda na ukurasa wako wa Kiswahili, jibu maswali mbele ya wote. Swali gumu likijibiwa mbele ya watu arobaini, hutalirudia mara arobaini.

Bidhaa zinazoingia ni soko la watu wachache wenye pesa nyingi. Kontena linashushwa Mombasa au Dar es Salaam, linapita Uganda au Rwanda, na mwenyewe amekaa Birere, eneo la maduka hapa Goma, akisubiri simu. Mlango wa huko ni deklaran, yule anayeshughulikia hati za forodha. Deklaran mmoja anayekuamini anakufaa kuliko wafanyabiashara ishirini unaowaamkia barabarani. Na wenye malori na mabasi yanayovuka kwenda nchi jirani wanahitaji kadi ya njano ya COMESA, bima inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Jifunze inavyofanya kazi, maana wataiulizia.

Upande wa ziwa ni wa kuzungumza kwa heshima. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku huku watu wa nchi kavu wakitazama. Makumi walikufa. Wenye mashua wana abiria, na abiria wana familia. Bima ya msafirishaji ipo kwa ajili hiyo. Lakini usiende kwa mwenye mashua ukilitaja jina la Merdi kama chambo. Watu wa Mabanga waliwazika ndugu zao.

Hapo tumegusa kifo, na utakigusa mara nyingi. Bima ya maisha na ya mazishi huuzwa kwa shida hapa, si kwa sababu watu hawaoni haja. Kila mtu amechangia kilio, kila mtu amewahi kutumiwa orodha ya michango kwenye WhatsApp. Shida ni kukitamka kifo. Ukimwambia baba wa familia «ukifa kesho», atakuuliza kwa nini unamtabiria. Mzungumzie watoto na ada ya shule. Muulize mzee mwenyewe ni nani aliyebeba gharama za kilio cha mwisho katika ukoo, naye atasimulia hadi afike anapotaka kufika. Na atakayekuambia kwamba bima yake ni Mungu, mkubalie. Usianze hoja za dini na mtu aliye nyumbani kwake. Mchungaji akitaka bima ya jengo la kanisa, waumini watajifikiria wenyewe.

Usiwadharau watu wa likirimba na wa AVEC, vikundi vya kuweka akiba pamoja. Wengi wa wauzaji wapya huingia kwenye vikundi hivyo wakisema bima ni bora kuliko sanduku lao. Ni kosa, tena ni uongo: sanduku la AVEC hutoa pesa ndani ya saa moja mtoto akiugua, jambo ambalo hakuna kampuni inayoliweza. Udhaifu wake ni mmoja tu. Wanachama wote wanauza katika soko moja. Soko likiungua usiku, asubuhi wote ni wahitaji na sanduku ni dogo. Hapo ndipo bima inapoingia, kwa sababu pesa yake inatoka mbali. Mteja mwerevu atauliza: na kampuni yenyewe, Birere yote ikiungua, itatoa wapi? Ujue kumjibu. Kampuni za bima nazo hununua bima kwa kampuni za juu yake. Africa Re ya Lagos, iliyoanzishwa 1976, na ZEP-RE ya Nairobi, iliyozaliwa 1990 chini ya nchi za eneo la biashara ambalo leo ni COMESA, ni mbili zinazofanya kazi hiyo katika bara letu. Uliza kampuni yako inajikinga kwa nani. Wasipojua kukujibu, hilo nalo ni jibu.

Tukija kwenye kuchagua kampuni, nenda ofisini kwa miguu. Usikubali kuajiriwa kwa ujumbe wa simu. Hakikisha kampuni, au dalali atakayekutuma, ana kibali cha ARCA. Akikudai pesa ya fomu, ya mafunzo au ya «nafasi», au akikuambia utapata zaidi kwa kuleta wauzaji wengine kuliko kwa kuleta wateja, ondoka. Hiyo ni piramidi iliyovaa nguo za bima, na Goma imekwisha kulizwa na piramidi vya kutosha. Halafu uliza: kuna mshahara wowote wa msingi, au ni komisyo tupu? Nani analipa uniti na usafiri? Komisyo inatoka lini, na mteja akivunja mkataba unarudisha nini? Wafidiwa wa Goma wanalipwa Goma, au faili linakwenda Kinshasa? Omba kuonyeshwa, bila majina, dai lililolipwa hapa mjini miezi ya karibuni. Swali hili la mwisho linawakera mameneja. Uliza hivyo hivyo.

Fanya hesabu kabla hujaacha kazi unayoifanya sasa. Tuseme, kwa mfano tu, bima ya moto ya duka dogo ni dola 120 kwa mwaka na komisyo yako ni asilimia 15: unapata dola 18. Ili upate dola 150 kwa mwezi unahitaji mikataba mipya zaidi ya minane kila mwezi, katika mtaa ambao watu hawaamini karatasi. Mwaka wa kwanza utakuwa na njaa, niseme wazi. Lakini tuseme umemaliza mwaka na wateja 100, na 60 kati yao wakafanya upya: hao wanakuletea dola 1,080, yaani 90 kwa mwezi, kabla hujagonga mlango mmoja mpya. Kazi hii inalipa mwaka wa pili na wa tatu, na inamlipa yule tu ambaye wateja wake wanarudi. Kwa hiyo endelea kuuza mikate, kufundisha au kubeba watu kwa pikipiki huku ukijenga daftari lako polepole.

Kuhusu pesa za wateja, sina upole. Usizishike. Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na biashara ya mji ikahamia kwenye noti za mkononi na kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Katika hali hiyo mteja atakuomba upokee dola zake «uzifikishe». Kataa, hata kama ni shangazi yako. Mpe namba rasmi ya kampuni, alipe mwenyewe ukiwa umesimama pale, hifadhi ujumbe wa uthibitisho, mletee risiti. Ukichukua dola 20 mkononi jioni, mtoto akaugua usiku, asubuhi ni deni. Na mikataba mingi haianzi kufanya kazi kabla ada haijaingia. Duka likiungua kabla hujaifikisha pesa, si kampuni itakayolaumiwa Mabanga. Ni wewe, na mama yako pia.

Ndiyo maana siwashauri vijana waanze na ndugu. Ndugu hununua kwa huruma, halipi awamu ya pili, na hakuulizi maswali unayohitaji kuulizwa ili ujifunze kazi. Anza na watu wanaokujua kwa mbali: fundi aliyemjengea baba, mwenye ghala la saruji unapopita kila siku, mkurugenzi wa shule ya binafsi uliyosoma. Hao wanakukumbuka vya kutosha wakuruhusu ukae, na hawakupendi vya kutosha wakudanganye.

Halafu siku ya dai itafika, na hapo ndipo wauzaji wengi huzima simu. Wewe nenda. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha. Piga picha kabla vitu havijasogezwa. Mwelekeze mteja apate PV, yaani ripoti ya polisi, akusanye fakturu za bidhaa, hati ya kiwanja au mkataba wa pango, na mashahidi. Mikataba huweka siku chache za kutoa taarifa. Msaidie aandike barua ya Kifaransa leo, uipeleke ofisini mwenyewe, udai nakala yenye muhuri na tarehe. Baada ya hapo fuatilia kila wiki. Kama dai halilipwi kwa sababu ya kipengele, mrudie mteja umwonyeshe kipengele hicho, kile kile ulichomsomea siku ya kwanza. Ni ziara chungu, lakini ulishaifanya nusu yake mapema. Dai likilipwa, mwombe mwenyewe ruhusa ya kulitaja kwa majirani. Dai moja lililolipwa Mabanga hufungua milango ambayo hotuba zako zote hazikuifungua.

Mwisho, daftari. Andika kila mteja: jina, simu, alichokinunua, tarehe ya kwisha, uliyomwambia kuhusu yasiyolipwa, na sahihi yake pembeni. Mkumbushe mwezi mmoja kabla ya tarehe, kisha wiki moja. Na kabla hujasaini mkataba wako na kampuni, uliza ni nani mwenye wateja hao siku utakapoondoka, kwani kampuni nyingi hudai wateja ni mali yao na zingine hukukataza kuwagusa kwa muda fulani. Utakapohama kampuni, na wengi huhama baada ya miaka miwili au mitatu, pita kwa kila mteja umweleze nani atamhudumia sasa, umpe namba yake, uhakikishe hakuna dai lililokwama mezani kwako. Kisha ukabidhi faili ofisini kwa orodha iliyosainiwa, nakala moja ibaki kwako.